Kabla hujanunua kisanduku: kusambaza picha safi ya video ndani ya jengo

Mama mmoja mwenye hoteli huko Milimani, Kisumu, aliniita akiwa na karatasi ya bei mkononi. Muuzaji alikuwa amemletea mapendekezo matatu ya kusambaza video katika jengo zima, na kati ya la kwanza na la tatu bei ilipanda karibu mara sita. Yote matatu yaliahidi picha safi ya 4K. "Fundi, wewe niambie tu nichukue lipi," akasema. Nikamwomba kwanza tuzunguke jengo tuhesabu skrini.

Tulihesabu 41. Vyumba vya wageni 32, baa 4, mkahawa 2, ukumbi wa mikutano 2, na moja mapokezi. Kwenye kila skrini nilimuuliza mambo yale yale matatu: hii itaonyesha nini, nani ataitazama, na picha ikichelewa kidogo nani ataona vibaya? Tulipofika mkahawani alikuwa anajibu kabla sijamaliza kuuliza.

Skrini ya chumbani inaonyesha habari, kandanda na filamu kwa mgeni aliyejilaza. Picha ikichelewa sekunde mbili, hana njia ya kujua. Skrini za baa zinaonyesha mechi kwa watu wanaosikia pia kelele za baa ya jirani. Za ukumbini zinaonyesha jedwali la hesabu kutoka kwa kompyuta ya mhasibu, na sura ya msemaji ambaye mwenyewe amesimama pale pale mbele yao. Hizo ni kazi tatu tofauti. Hasara nyingi ninazokutana nazo katika kazi hii, kuanzia Nakuru hadi Busia, huanza pale mtu anapochagua kisanduku cha aina moja na kukifunga nyuma ya kila skrini bila kuuliza skrini hiyo ina kazi gani.

Uzito wa picha

Ili uelewe kwa nini bei zinapishana hivyo, fanya hesabu hii mara moja maishani. Picha ya Full HD ina pikseli, yaani nukta za rangi, 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, jumla pikseli 2,073,600. Kila pikseli huhitaji biti 24 kubeba rangi yake. Picha ikibadilika mara 60 kwa sekunde, unapata karibu gigabiti 3, yaani biti bilioni 3, kila sekunde. Picha ya 4K ina pikseli mara nne ya hizo, kwa hiyo unakaribia gigabiti 12. Sasa itazame swichi, kile kifaa kinachounganisha waya za mtandao, iliyo kwenye kabati la jengo lako. Kila tundu lake, kwa kawaida, hupitisha gigabiti 1. Hata Full HD haipenyi hapo ikiwa nzima. Lazima ibanwe, na tofauti kati ya kisanduku cha bei ya chini na cha bei ya juu iko zaidi kwenye namna kinavyobana.

Neno moja la kutahadharisha. Kifaa cha kutuma picha kwenye mtandao mafundi hukiita enkoda, na cha kuipokea nyuma ya skrini hukiita dikoda. Huku kwetu watu wengi wakisema dikoda wanamaanisha kile kisanduku cha chaneli za kulipia. Nimeona mtu akiletewa oda nzima isiyo yake kwa sababu ya neno hilo moja. Hapa nitakiita hicho cha kulipia king'amuzi, na dikoda iwe ile ya mtandao.

Njia ya kwanza ya kubana ni ile ya H.264, iliyotoka mwaka 2003, na mrithi wake H.265 wa mwaka 2013. Hizi hulinganisha fremu na fremu, yaani kila picha moja tulivu ya video na ile inayoifuata. Mtangazaji wa habari ameketi, ukuta ulio nyuma yake haujabadilika. Ukuta hautumwi tena, yanatumwa midomo na mikono yake tu. Kwa ujanja huo Full HD inashuka hadi kama megabiti 8 kwa sekunde (megabiti 1,000 hufanya gigabiti 1), na H.265 hufikia ubora ule ule kwa karibu nusu ya hapo. Gharama yake ni muda. Kisanduku hakiwezi kulinganisha fremu bila kuzishika kwanza, kwa hiyo picha hutoka ikiwa imechelewa, pengine sehemu ya kumi ya sekunde, pengine sekunde kadhaa, kulingana na kifaa na kilivyopangwa. Tena kitu kikisogea kote kwenye skrini kwa pamoja, kama mvua kubwa au kamera inayofuata mpira juu ya nyasi, picha huanza kuvunjika vipande kama vigae.

Njia ya pili hubana kila fremu peke yake. JPEG 2000 iko kundi hili, na JPEG XS ya mwaka 2019 ilibuniwa kwa kazi hii hasa. Hakuna fremu inayongoja nyingine, kwa hiyo ucheleweshaji ni wa fremu moja au mbili hivi. Bei yake ni uzito: picha moja ya 4K kwa njia hii inaweza kupita megabiti 800 na kukaribia kujaza tundu zima la gigabiti 1. NDI, iliyoletwa na kampuni ya NewTek mwaka 2015, nayo katika umbo lake kamili hubana fremu moja moja, na Full HD yake huwa juu kidogo ya megabiti 100. Makanisa mengi yanaipenda kwa sababu programu zake za msingi ni za bure na kompyuta ya kawaida inaweza kuipokea.

Njia ya tatu karibu haibani kabisa. SDVoE ndiyo inayojulikana zaidi. Hutaka swichi ya gigabiti 10 kwenye kila tundu, na jicho la mtu haliwezi kuona kuchelewa kwake. Chumba cha upasuaji au cha kuongozea mitambo kina haki ya kuidai. Hoteli ikiinunua kwa ajili ya vyumba vya kulala ni kama kukodi lori la tani 30 kubeba gunia moja la mahindi kutoka soko la Kibuye. Pendekezo la tatu kwenye karatasi ya yule mama lilikuwa hili, kwa skrini zote 41.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wauzaji hawalisemi. Vifaa vingi hupunguza uzito kwa kupunguza rangi: kila pikseli hubaki na mwanga wake, lakini pikseli nne hugawana rangi moja. Kwenye karatasi ya maelezo huandikwa 4:2:0. Kwa kandanda na filamu hutaona tofauti. Kwa ukumbi wa mikutano, fungua jedwali lenye herufi ndogo nyekundu juu ya rangi ya samawati, utaona kingo za herufi zimechafuka kama wino uliolowa. Skrini za ukumbini zinataka 4:4:4, na hapo ndipo inafaa kutumia hela.

Kuchelewa kunauma wapi

Watu huogopa ucheleweshaji kuliko inavyostahili, au huupuuza mahali ambapo haufai kupuuzwa. Mimi hutumia kipimo kimoja: kuchelewa kunauma pale tu nakala mbili za tukio moja zinapokutana.

Chukua kanisa nililofanyia kazi Kakamega. Juu kuna ukumbi mkubwa wenye skrini mbili kando ya madhabahu, chini kuna chumba wanakokaa wanaokosa nafasi. Mhubiri akisema neno, sauti inatoka kwenye spika papo hapo, lakini midomo yake kwenye skrini ilikuwa inafuata nyuma kwa karibu theluthi moja ya sekunde. Waumini walisema skrini zinawachosha macho bila kujua kwa nini. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, ina kipimo chake: mtu huanza kugundua sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, au ikichelewa nyuma ya picha kwa kama milisekunde 125. Angalia tofauti hiyo. Tumezoea sauti kuchelewa, kwa sababu hata mtu anayepasua kuni ng'ambo ya shamba unamwona shoka likigonga kabla hujalisikia. Sauti kutangulia ndiyo akili haikubali, na kanisani ndivyo ilivyokuwa.

Wale waliokaa chumba cha chini hawakuwa na tatizo lolote, ingawa visanduku vilikuwa vya aina ile ile. Sababu ni kwamba sauti yao ilisafiri pamoja na picha kwenye kisanduku kimoja, zikachelewa pamoja, na hakuna aliyemwona mhubiri mwenyewe. Kwa hiyo kanisa lilibadilisha visanduku viwili tu, vya skrini za madhabahuni. Vya chini vipo hadi leo.

Baa ni hivyo hivyo. Ukiwa na runinga moja iliyochomekwa moja kwa moja kwenye king'amuzi, na nyingine tatu zinazopata picha kupitia H.264, wateja watashangilia bao mara mbili katika chumba kimoja. Nimeiona Kondele: upande mmoja watu wamesimama, upande wa pili wanauliza kuna nini. Tiba yake ni kuzipitisha runinga zote njia moja, hata kama njia hiyo inachelewa. Zote zikichelewa sawa, ndani ya chumba hakuna atakayelalamika. Ya baa ya jirani ni shauri lingine, kwa maana hata matangazo yenyewe hufika kwa nyakati tofauti: setilaiti, antena na intaneti kila kimoja na mwendo wake, na intaneti kwa kawaida huwa ya mwisho kabisa.

Bomba moja, mifereji mingi

Sasa tufike kwenye jambo linaloangusha mitandao mingi, na ambalo halimo kwenye karatasi ya bei.

Ukiwa na wageni 32 wanaotazama chaneli moja ya megabiti 8, seva inaweza kumtumia kila mmoja nakala yake. Hizo ni megabiti 256 za kitu kile kile. Njia ya akili zaidi ni maltikasti: mkondo mmoja unatoka kwenye enkoda, swichi inaunakili kwa wale tu waliouomba. Fikiria tangi juu ya paa na bomba moja likishuka, na mfereji katika kila chumba. Aliyefungua mfereji anapata maji, aliyefunga hapati, na tangi halijali ni wangapi. Chaneli 12 za megabiti 8 zitakula megabiti 96 kwenye bomba kuu, ziwe zinatazamwa na mtu mmoja au watu mia. Mikondo hii hutumia anwani zinazoanzia 224 hadi 239, na zile za 239 zimetengwa kwa matumizi ya ndani ya jengo au taasisi.

Lakini mifereji hiyo inahitaji swichi inayojua kufunga na kufungua. Swichi ya kawaida isiyo na mipangilio haijui. Ikiona mkondo wa maltikasti inaumwaga kwenye matundu yote. Lugha ya mafundi inaita hali hiyo mafuriko, na anayeishi karibu na mto Nyando hahitaji kuelezwa maji yakiacha mkondo wake hufanya nini.

Hilo lilinipata mwenyewe, katika hoteli moja kando ya ziwa, Jumamosi yenye harusi. Nilikuwa nimefunga enkoda mbili, kila moja ikituma kama megabiti 400, kwenye swichi niliyoikuta pale. Picha ya maharusi ilikuwa safi kwenye kila skrini. Baada ya dakika chache dada wa mapokezi akaja mbio: mashine ya kadi haifanyi kazi, kompyuta ya uhasibu imeganda, wageni hawana Wi-Fi. Niliingia stoo iliyo nyuma ya jikoni, nikafungua kabati. Siku ya kawaida taa za swichi hupepesa ovyo, kila moja na mwendo wake, kama watu wanaopiga soga. Siku hiyo taa zote 24 zilipepesa kwa pamoja, kasi moja, bila kupumua. Nikachomoa waya wa enkoda moja, mwendo ukapungua. Nikachomoa wa pili, taa zikarudia soga yao. Megabiti 800 zilikuwa zinamwagwa kwenye kila tundu, pamoja na la mashine ya kadi. Niliwaomba radhi wenye harusi, nikairudisha picha kwa waya mmoja wa HDMI, na tangu siku hiyo sifungi enkoda kwenye swichi ambayo sijaingia ndani yake kwa mikono yangu.

Kitu cha kutafuta kwenye menyu ya swichi kinaitwa IGMP snooping. Hicho ndicho kinachosikiliza ni skrini ipi imeomba mkondo upi. Lakini hakitoshi peke yake. Lazima kuwe na mmoja kwenye mtandao anayeuliza kila mara, "bado mnautaka?" Huyo huitwa querier, na kwa kawaida huuliza kila sekunde 125. Asipokuwepo, swichi hungoja kama sekunde 260, inaamua hakuna anayetaka, inafunga mfereji. Dalili yake haikosei: picha inawaka vizuri, inadumu dakika nne hivi, inakatika, unazima na kuwasha kisanduku, inarudi, inakatika tena. Nimewakuta watu wamerudisha visanduku vizima dukani Nairobi mara mbili kwa ajili ya kisanduku kidogo cha tiki ambacho hakikuwekwa alama kwenye menyu.

Tena, itenge video kwenye VLAN yake, yaani mtandao wa peke yake ndani ya swichi ile ile, mbali na kompyuta za uhasibu na simu za wageni. Na usipitishe skrini ya kudumu kwenye Wi-Fi. Maltikasti hewani hutumwa kwa kasi ya chini na bila mpokeaji kuthibitisha kwamba amepata, kwa hiyo mkondo mmoja tu unaweza kuziba Wi-Fi ya ghorofa nzima.

Kusoma karatasi ya swichi

Swichi ndiyo ninayoitolea hela kwanza, kisha waya, kisha visanduku. Mambo mawili kwenye karatasi yake yanatosha kuamua.

La kwanza ni uwezo wa jumla wa kupitisha. Swichi ya matundu 24 ya gigabiti 1 yenye matundu 4 ya gigabiti 10 inapaswa kusema gigabiti 128: 24 jumlisha 40 ni 64, mara mbili kwa sababu data huenda na kurudi. Ikisema pungufu ya hapo, matundu yote hayawezi kufanya kazi kwa kasi kamili pamoja. Matundu hayo manne ya gigabiti 10 ndiyo yatakayounganisha ghorofa na ghorofa. Ukiunganisha swichi mbili kwa waya wa gigabiti 1, na unatumia njia ya pili ya kubana, picha moja tu ya 4K itavuka. Ya pili itakwama ngazini.

La pili ni umeme. PoE hupeleka umeme na picha kwenye waya mmoja, na kwa mazingira yetu naipenda sana, kwa sababu UPS moja, yaani betri ya akiba, kabatini inawalinda enkoda na dikoda wote stima ikipotea. Angalia wati za jumla, usitazame za tundu moja. Kiwango cha kwanza, cha mwaka 2003, kinaruhusu wati 15.4 kwa tundu, na cha 2009 kinafika wati 30, lakini swichi nzima inaweza kuwa na wati 190 tu za kugawa. Visanduku 24 vinavyokula wati 8 kila kimoja ni 192. Cha mwisho kitakuwa kinawaka na kuzima usiku kucha.

Waya

Beba kisu kidogo. Kata waya wa mtandao uliouziwa kwa jina la Cat6, toa uzi mmoja, ukwangue. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Ukiona weupe wa fedha chini ya ngozi nyembamba ya shaba, huo ni alumini iliyopakwa. Sanduku lake la mita 305 utalinyanyua kwa mkono mmoja ukidhani limepunjwa. Alumini hupitisha umeme kwa karibu asilimia 60 tu ya shaba, viwango vya Cat6 haviuruhusu, na ukiupitishia PoE hupata joto ndani ya ukuta mahali usipoweza kuona. Ni waya uliojaa madukani. Kwa simu ya mezani hutajua. Kwa video utaona nukta nyeupe zikimetameta, au skrini inazima sekunde mbili na kurudi, hasa mchana wa jua kali.

Waya wa shaba mwisho wake ni mita 100. Kwa gigabiti 10, Cat6 huishia mita 55 hali ikiwa nzuri, na Cat6A hufika 100. Kati ya jengo na jengo mimi sitandazi shaba hata kama ni mita 20. Anayeishi kandokando ya Ghuba la Winam anajua mawingu ya alasiri yanavyojikusanya na radi inavyopiga. Shaba ndefu nje ya jengo huokota mshtuko huo na kuuleta hadi kwenye swichi. Faiba, waya unaopitisha mwanga badala ya umeme, ni kioo, haina cha kuokota.

Usichanganye pia HDBaseT na mtandao. Hutumia waya ule ule na plagi ile ile, lakini haipiti kwenye swichi: ni mtu na mtu, kisanduku kwa kisanduku. Ni kifaa kizuri kwa skrini moja iliyo mbali. Kwa kuwa plagi zinafanana, andika lebo kila ncha.

Mambo mawili ya HDMI niyataje haraka. King'amuzi huuliza skrini uwezo wake kabla ya kutuma picha. Kigawanyaji cha bei ndogo kikiunganisha runinga tano mpya na moja ya zamani, mara nyingi huishusha picha ya zote kufikia ile ya zamani, kwa hiyo tafuta dikoda inayoweza kubadilisha ukubwa wa picha yenyewe. La pili ni HDCP, ulinzi wa kuzuia picha isinakiliwe: chanzo cha 4K kitadai toleo la 2.2 njia nzima, na kifaa kimoja tu kikikosa toleo hilo, skrini inabaki nyeusi. Usinunue vile vifaa vya kuuvunja ulinzi huo. King'amuzi cha nyumbani hakiruhusiwi kuonyesha mechi kwenye biashara. Kuna malipo ya biashara, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inawahusu wenye baa na hoteli moja kwa moja. Weka gharama hiyo kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Alichochagua mama wa Milimani

Kwenye vyumba 32 nilifungua kifuniko kimoja ukutani, nikakuta waya wa antena wa RG6, wa shaba, mzima kabisa. Kenya ilizima matangazo ya analogia mwaka 2015 na kuhamia yale ya dijitali ya DVB-T2, na runinga zake zote tayari zilikuwa na kipokezi hicho ndani. Tulifunga modyuleta kabatini, zikageuza ving'amuzi na kompyuta ya matangazo ya hoteli kuwa chaneli kwenye waya ule ule wa zamani. Vyumba havikuhitaji kisanduku hata kimoja, na mtandao wa wageni haukuguswa.

Zilibaki skrini 9 za chini, na hizo ndizo alizotaka kuzichezea: mechi hii hapa, ile pale, mhasibu ukumbini, na siku ya mkutano mkubwa msemaji aonekane hadi mkahawani. Kwa hizo tulichagua njia ya pili ya kubana, dikoda 9 na enkoda 5: ving'amuzi vitatu, kompyuta moja, kamera moja. Nilimwomba anunue pia jozi moja ya akiba. Kisanduku kikifa Ijumaa jioni, cha kuchukua nafasi yake kiko Luthuli, Nairobi, na basi la usiku halina uhakika wa kukifikisha kabla ya mechi ya Jumamosi mchana. Vifaa vya kampuni moja aghalabu havisemezani na vya kampuni nyingine, kwa hiyo akiba lazima itoke kwenye familia ile ile. Ukumbi uko ng'ambo ya ua, mita 60, tukavuta faiba ya gigabiti 10.

Kabla hajalipa, wauzaji wawili waliombwa kuleta jozi moja moja, tukazipima kwenye waya mrefu kuliko yote uliokuwepo. Kwanza jedwali lenye herufi ndogo za rangi. Kisha muda. Fungua saa ya kupima sekunde kwenye kompyuta, ipeleke picha hiyo kwenye skrini ya mbali iliyowekwa kando yake, halafu piga picha moja ya simu inayoonyesha zote mbili. Toa namba ndogo kwenye kubwa. Runinga yenyewe huongeza kuchelewa kwake, kwa hiyo kwanza iweke kwenye hali ya michezo ya kompyuta, ile inayozima urembeshaji wa picha.

Mama mwenyewe ndiye aliyepiga picha. Kwa jozi ya kwanza kompyuta ilisoma 14.37 na skrini 14.32. Jozi ya pili ilikuwa imeandikwa kwenye boksi kwamba haicheleweshi picha hata kidogo. Alipiga, akaikuza picha kwa vidole, akasoma kwa sauti: 31.80, na 30.55. Akanigeuzia simu nijionee, kisha akamwita kijana wa stoo alirudishe boksi lile kwa mwenyewe kabla ya saa za kufunga duka.